Si Mwalimu Pekee Hulilia Transfa: Hivi Ndivyo Rubani Hupata Beisi Anayotaka

Kama umelelewa Kitale ama Bungoma, neno transfa ulilijua kabla ujue kufunga kamba za viatu. Mathe anafunza Kiminini, mzae amepelekwa Lodwar. Jirani ni karao, ako Lamu mwaka wa nne na bibi yake bado ako Kanduyi. Kila Disemba swali mezani ni lile lile: "Barua imetoka?" Na kila mwaka hakosi yule mmoja amepata transfa chap chap, hadi plot nzima inauliza alijuana na nani.

Sasa kuna kazi moja watu huona ni raha tupu. Shati jeupe, mistari minne ya dhahabu kwa bega, picha za Instagram juu ya mawingu. Rubani. Maze, huyo pia huomba transfa, hungoja miaka, na wakati mwingine hukosa. Tofauti ni kwamba kwa kampuni nyingi kubwa za ndege, hasa Marekani, hakuna wa kujuana naye. Kuna namba tu. Ukijua namba yako, na ujue namba ya msee mnayepigania nafasi moja, jibu unalo kabla ofisi ifungue mdomo.

Tuifungue hii mashine tuone venye inafanya kazi, halafu turudi kwa mwalimu wetu, juu yeye ndiye hii stori inamchoma zaidi.

Beisi ni nini kwanza?

Si ile ya mtaa ya wasee kupiga stori wakitafuna veve. Beisi ya rubani ni uwanja wa ndege ambapo kazi yake huanzia na kuishia. Anaweza kulala Dubai leo na Johannesburg kesho, lakini mwishowe rosta lazima imrudishe hapo. Akiwa nje ya beisi, hoteli ni ya kampuni. Akiwa ndani ya beisi, keja ni yake kujipangia. Na safari ya kutoka home hadi beisi ni yake pia, hata kama home ni kilomita 400 kutoka hapo.

Kenya hii kitu haionekani sana kwa sababu ndege zetu kubwa zinalala mahali pamoja. Ukiwa rubani wa Kenya Airways, nyumbani kwa ndege yako ni JKIA, basi. Lakini Marekani kampuni moja inaweza kuwa na beisi pande zote za nchi. Delta wako Atlanta, Detroit, Minneapolis, Salt Lake City, Seattle, Los Angeles na New York. Ni kama mwajiri mmoja awe na vituo Mombasa, Eldoret, Kisumu na Mandera, na kila mfanyakazi awe na roho yake inapenda wapi.

New York, kwa mfano, unaweza kudhani kila mtu anaitaka. Wapi! Keja ni ghali, jam ni ya kukufanya ulie, na wengi wanaofanyia huko kazi wana familia kwingine. Kwa hivyo mara nyingi ndiyo beisi ya machipukizi. Wazee wa kazi wanaenda mahali mtu anaweza kununua nyumba na awaone watoto wakienda shule.

Namba yako ndiyo wewe

Siku unaajiriwa unaingizwa mwisho wa orodha ya ukongwe. Namba moja ni yule ameajiriwa kitambo kuliko wote. Wa mwisho ni wewe. Haijalishi una digrii ngapi, ulipita mtihani vipi, ama uliwahi kutua na injini moja kwenye dhoruba. Mkiajiriwa darasa moja, siku moja, kampuni inatafuta kitu hakina ubishi cha kuwapanga, na kwa zingine mwenye umri mkubwa anakaa mbele. Orodha haifichwi. Kila rubani anaiona, na anaikagua venye mkulima wa Trans Nzoia hukagua mawingu mwezi wa tatu.

Namba inapanda kwa njia moja: walio mbele yako waondoke. Wastaafu, waache kazi, wafutwe, wapoteze leseni kwa ugonjwa, ama wafe. Inasikika vibaya lakini hesabu ndiyo hiyo. Rubani kijana anaweza kukwambia bila kusoma popote ni wangapi mbele yake watafikisha miaka 65, juu 65 ndio mwisho wa kurusha ndege za abiria za kimataifa.

Na hiyo 65 yenyewe ina stori. Marekani mwisho ulikuwa 60. Disemba 2007 sheria ikabadilika ikawa 65, na ikaanza kufanya kazi hapo hapo. Wazee wakasherehekea. Lakini fikiria yule jamaa alikuwa amepiga hesabu kuwa mwaka ujao anakuwa kepteni. Hakuna aliyemnyang'anya kitu, hakuna aliyemkosea, ila foleni nzima ilisimama miaka mitano. Ni kama uko ndani ya mat steji ya Kitale, imebaki kiti kimoja ijae, halafu konda anasema gari haitoki hadi kesho.

Hiyo namba inaamua karibu kila kitu: unaishi wapi, unarusha ndege gani, unakaa kiti cha kushoto kama kepteni ama cha kulia kama msaidizi, ni ruti zipi utafanya mwezi ujao, na kama Krismasi utakula kuku na familia ama utakula sandwichi ya hoteli peke yako. Doo pia inafuata hapo hapo, kwa sababu ndege kubwa hulipa zaidi na kiti cha kepteni hulipa zaidi.

Nafasi moja Eldoret

Mfano ndio husaidia. Chukua kampuni ya kufikirika yenye marubani 10 na beisi tatu: Nairobi, Mombasa na Eldoret. Namba 2, ambaye ako Eldoret, anafikisha miaka 65. Anaenda home. Nafasi moja Eldoret inatangazwa.

Wanaotaka ni watatu. Namba 4 ako Mombasa, amechoka na joto na ana shamba la mahindi Moi's Bridge. Namba 7 ako Nairobi, na ameandika chaguo mbili: Eldoret kwanza, ikikataa basi Mombasa. Namba 9 ako Mombasa, ni mtoto wa Kitale, bibi yake anafanya kazi huko na wana mtoto wa mwaka mmoja. Kwa roho yako ungempea nani? Namba 9, si ndio?

Kompyuta haina roho. Inaanzia juu ikishuka. Namba 4 anapata Eldoret. Akihama, Mombasa inabaki na pengo, na Namba 7, aliyekosa Eldoret, anachukua hilo la Mombasa kama chaguo lake la pili. Sasa Nairobi ndiyo ina pengo. Namba 9 haitaki Nairobi. Hakuna mwingine anaitaka. Kwa hivyo kampuni inaajiri msee mpya na kumtupa huko.

Angalia kilichotokea. Mzee mmoja amestaafu, wawili wamehama, mmoja ameajiriwa, na Namba 9 bado ako Mombasa akipigia mtoto video call. Lakini sasa yeye ni Namba 8. Amesonga hatua moja bila kutoka kitini. Na anajua kabisa ni watu gani wamebaki mbele yake, na ni wangapi kati yao wanataka Eldoret.

Kampuni halisi ina maelfu ya marubani, kwa hivyo ombi lako unaliacha kwa mfumo mapema, umepanga chaguo zako, na nafasi zikitangazwa mashine inazungusha wote kwa mpigo. Kuna masharti mengine pia. Ukihamia aina mpya ya ndege, kampuni imetumia pesa nyingi kukufunza, kwa hivyo mara nyingi unafungwa hapo kwa muda kabla uombe nyingine. Na beisi ikifungwa, mwenye ukongwe mkubwa anaweza kwenda beisi nyingine na kumsukuma mdogo, naye mdogo anamsukuma mdogo zaidi, hadi yule wa mwisho kabisa abaki nje.

Mdogo wa wakubwa ama mkubwa wa wadogo?

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Si kila rubani anakimbilia kiti cha kepteni. Kuna wasee wamekataa kwa miaka.

Sababu ni hii. Ukiwa msaidizi wa kitambo kwa beisi yako, unakaa juu ya orodha ya wasaidizi. Unachagua ruti, unachagua wikendi, Krismasi uko ushago. Siku unakubali ukepteni, unahamia chini kabisa ya orodha ya makepteni. Bega limeongezwa mstari, mshahara umepanda, lakini sasa wewe ndiye wa stendibai. Simu inaweza kulia saa tisa usiku: kepteni fulani ni mgonjwa, njoo. Unafanya Krismasi, unafanya Idd, unafanya kila siku wenye orodha waliikimbia. Na pengine ukepteni wa kwanza uliopatikana uko beisi ambayo hakuna mtu mwingine aliitaka, kwa hivyo umeongezewa doo na umeondolewa nyumbani kwa siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo mezani kwa rubani swali si "nitapandishwa lini?" Swali ni "nipandishwe sasa nikakae mbali, ama ningoje miaka minne nipandishwe karibu na mtoto?" Hakuna bosi wa kukujibia hiyo. Ndoa zimevunjikia hapo, na nadhani hii ndiyo sehemu ya hiyo kazi ambayo picha za Instagram hazitawahi kukuonyesha.

Kenya Airways, kwa kuwa beisi ni moja, ngazi inaonekana zaidi kwa ndege: Embraer 190, halafu Boeing 737, halafu 787 Dreamliner. Kepteni Irene Koki Mutungi, mwanamke wa kwanza kuajiriwa na hiyo kampuni kama rubani miaka ya 90, alipata ukepteni 2004, na 2014 akawa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kepteni wa Dreamliner. Miaka kumi kutoka ukepteni wa kwanza hadi ule, na huyo ni mtu aliyekuwa anavunja rekodi. Ndege zikipungua ngazi nayo inapungua. Kuanzia 2016 Kenya Airways ilikodisha zile Boeing 777-300ER zake kwa Turkish Airlines. Kwenye magazeti ilikuwa stori ya madeni. Kwa rubani aliyekuwa akizingoja, ni viti vilivyoondoka na ndege.

Namba haibebeki

Shida kubwa ya mfumo huu ni kwamba namba ni ya kampuni, si yako. Ukihama kwenda kampuni nyingine, hata kama una miaka 20 hewani, kwa zile zinazofuata ukongwe unaanzia nyuma ya kijana wa miaka 26 aliyeingia wiki iliyopita. Yeye atachagua beisi kabla yako. Yeye atakuwa na Krismasi kabla yako.

Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways walipogoma kupitia chama chao, KALPA, ilikuwa rahisi kuuliza: kama hamfurahii si muache mwende kwingine? Stori ilikuwa ya pesa za uzeeni na mambo mengine, na korti iliwaambia warudi kazini baada ya siku chache. Lakini hilo swali la "si muende" lina jibu. Kazi nyingine kama fundi wa magari Bungoma, akihama gereji anahama na mikono yake na jina lake. Rubani anaacha miaka yake mlangoni. Mtu ambaye hawezi kuondoka bila kupoteza kila kitu atapigania mahali alipo hadi mwisho.

Ukitaka kuona watu wakipigania namba kweli kweli, cheki US Airways. 2005 iliungana na America West. Kampuni mbili, orodha mbili, lazima ziwe moja. Sasa nani anakaa mbele ya nani? Wa US Airways walisema tuhesabu miaka, juu wao walikuwa na wazee wengi. Wa America West wakasema kampuni yenu ilikuwa imefilisika, wengi wenu mlikuwa mmetumwa nyumbani, hamwezi kutupanda kichwani. Msuluhishi alitoa uamuzi 2007, na chini ya huo uamuzi rubani wa US Airways mwenye miaka kama 17, ambaye wakati wa kuungana alikuwa ametumwa nyumbani, alijikuta nyuma ya msee wa America West aliyeajiriwa miezi tu kabla. Watu waliruka! Wa US Airways walipiga kura wakaondoa chama chao cha marubani na kuunda kingine 2008. Kesi zikafuatana. Walifanya kazi kwa kampuni moja, sare moja, lakini orodha mbili, na hiyo ngori haikuisha hadi baada ya kampuni kuungana tena na American Airlines, orodha ya pamoja ikatoka 2016. Zaidi ya miaka 10. Kuna watu walistaafu kabla wajue namba yao ni gani.

Kuishi Kitale, beisi kwingine

Ukikosa transfa, kuna njia moja imebaki: unaacha familia pale pale na unasafiri kwenda kazini. Kwa mtu wa Kitale mwenye beisi JKIA, ingemaanisha mat ama ndai hadi Eldoret, kama kilomita 70, halafu ndege ya chini ya saa moja hadi Nairobi, halafu ndiyo kazi ianze. Ukifika umeshachoka, na kwa rosta hujaanza hata dakika moja.

Marekani marubani wengi huishi hivyo. Wanaomba kiti cha ziada kwa ndege za wenzao, na kwa mji wa beisi wanachanga wanakodisha keja moja watu wanane, vitanda vya ghorofa kama bweni la shule, kila mtu na shuka lake. Kwa wanaoanza, ambao mshahara wao ulikuwa mdogo sana miaka ya nyuma, hata hicho kitanda kilikuwa ghali.

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air namba 3407 ilitoka Newark kwenda Buffalo na kuanguka karibu na uwanja. Watu 49 ndani ya ndege walikufa, na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini. Beisi ya wote wawili waliokuwa mbele ilikuwa Newark. Kepteni aliishi Florida. Rubani msaidizi alikuwa akiishi karibu na Seattle, upande ule mwingine wa bara, na usiku wa kabla ya hiyo kazi alikuwa amesafiri kwa kuunganisha ndege za mizigo ili afike. Wachunguzi walisema chanzo ni venye kepteni alijibu vibaya ndege ilipotoa onyo kuwa inapoteza mwendo. Uchovu hawakuuweka kama chanzo, ila walisema wote wawili huenda walikuwa wamechoka, na Marekani ikaja kubadilisha sheria za mapumziko ya marubani. Kuhusu umbali wa home na beisi, hadi leo hiyo imeachiwa rubani mwenyewe aamue.

Sasa mwalimu wetu

Mwalimu akiajiriwa na TSC anatarajiwa kukaa miaka mitano kwa stesheni yake ya kwanza kabla aombe kuhama. Hadi hapo ni sawa, hata rubani hufungwa. Baada ya hiyo miaka anaomba mtandaoni, na sasa anahitaji vitu viwili: pengo mahali anaenda, na mtu wa kuchukua nafasi yake mahali anatoka.

Soma hiyo sehemu ya pili tena. Kwa rubani, pengo analoacha si mzigo wake. Kampuni itashuka na orodha hadi chini, na ikikosa wa kutaka, inaajiri mpya inamtuma. Kwa mwalimu, pengo anageuzwa kuwa lake. Na hapo ndipo hesabu inakuwa kali: stesheni ikiwa mbaya zaidi, ndivyo watu wachache wanaitaka, na ndivyo kutoka kunakuwa kugumu zaidi. Yule mwalimu wa Kimilili aliye Wajir, mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kurudi nyumbani, ndiye amefungwa kwa kamba fupi kuliko wote. Wa Kiminini anayetaka Bungoma mjini atapata mtu wa kubadilishana naye kabla chai ipoe.

Na hakuna orodha anayoweza kuiona. Anajua ameomba. Hajui wako wangapi mbele yake, hajui yule aliyepita alipita kwa nini. Pengine alikuwa na barua ya daktari, pengine ni ndoa, pengine kweli alingoja miaka mingi kuliko yeye. Lakini kwa kuwa haoni, anaamini ile ya plot: alijuana na mtu. Matapeli wa "nitakusaidia transfa, tuma kitu kidogo" wanakula hapo hapo kwa hiyo giza.

Kulikuwa pia na ile sera iliyoanza 2018 ya kutoa walimu wakuu kwa kaunti zao na kuwapeleka kwingine. Hii ukiiweka kando ya mfumo wa marubani inachekesha kwa uchungu. Kwa ndege, ikibidi mtu asukumwe, anasukumwa aliye chini. Hapa walianza na walio juu, watu wa miaka 25 kazini, wengine wakikaribia kustaafu, wakaanza kutafuta keja ya kukodisha ugenini. TSC walikuwa na hoja yao: mkuu aliyekaa kijijini kwake miaka mingi anashikwa na ukoo, na shule inakuwa kama boma. Sidhani hiyo hoja ilikuwa bure. Lakini mwishoni mwa 2022 wabunge walipitisha hoja ya kuisimamisha, na walimu wakaanza kuomba kurudi.

Kwa hivyo tuwape walimu namba kama za marubani tumalize hii story? Ningependa orodha ionekane, hiyo sina shaka. Lakini ukongwe mtupu una bei yake, na inalipwa na mtu mwingine.

Novemba 22, 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na Al-Shabaab na watu 28 wakauawa. Wengi walikuwa walimu wakienda nyumbani likizo ya Disemba. Walimu wengine walikataa kurudi huko na wakapiga kambi nje ya ofisi za TSC Nairobi wakidai transfa. Januari 13, 2020, walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa, na TSC ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Ukiuliza mzazi wa Bungoma aliyekuwa na mtoto huko, atakwambia barua ya transfa ilikuwa barua ya kuishi. Ukiuliza mzazi wa Garissa, atakwambia mtoto wake alibaki na darasa bila mwalimu.

Beisi mbaya ya rubani ni New York, keja ghali na jam. Mwenye ukongwe mdogo anakaa huko akilalamika, na ndege bado inaruka. Kwa shule, ukongwe mtupu ungemaanisha Mandera na Turkana daima zipate mgeni kabisa, aondoke akianza tu kuijua kazi, aje mgeni mwingine. Wale watoto hawana orodha ya kuingia.

Kwa sasa mwalimu amejitengenezea soko lake. Kuna magrupu ya Facebook, WhatsApp na Telegram ya kutafuta swapu: wewe uje kwangu, mimi nije kwako, sote tuwe ngazi moja, na kama ni sekondari masomo yafanane. Ni zile posti fupi. Niko Wajir, natafuta Trans Nzoia ama Bungoma, Kiswahili na Dini, niko tayari hata leo. Chini yake komenti zinajaa haraka. "Hata mimi." "Mimi pia, niko Marsabit." "Niko Mandera, mwaka wa saba, natafuta Bungoma." Ukishuka hadi mwisho unatafuta mtu mmoja tu aliye Kitale anayetaka kwenda Wajir.